Hotuba ya Mheshimiwa Nzuki Siku Mwelu Alipoagwa Miasenyi Kwenda Kusomea Dawa

Mheshimiwa Naibu Kamishna wa Kaunti, ambaye hakuja lakini naamini ametuma salamu ambazo sijazipokea. Bwana Chifu, ambaye amekuja lakini ameketi mbali nami kuliko inavyopendeza. Mchungaji wetu mpendwa, mwenye ua huu wa kanisa na mwenye tenti hii. Wazee wa mtaa na wa Nyumba Kumi. Mwenyekiti wa kina mama wa mradi wa maji, pamoja na matangi yake ambayo nasikia ndovu waliyavunja tena. Mwenyekiti wa vijana wa bodaboda na makamu wake, ambao nimeambiwa kwa sasa hawasemezani. Madereva wa malori mlioegesha pale barabarani mkidhani hapa kuna chakula cha kuuza. Mabibi na mabwana, wasomi na wasiosoma, wapiga kura na wale ambao bado hawajachukua vitambulisho: itifaki hiyo nimeipanga mimi mwenyewe, kwa sababu walioniweka kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya hawakuipanga hata kidogo. (Kicheko kidogo. Mzee mmoja anamletea kiti kingine. Mheshimiwa anakikataa kwa mkono, kisha anakikalia. Naandika haya mimi, Lois, katibu wake, kama nilivyoagizwa: neno kwa neno, pamoja na yanayotokea.)

Mimi, kwa wale wanaonijua na kwa wale wanaojifanya hawanijui, ni Mheshimiwa Solomon Nzuki, Mwenyekiti wa Jopokazi la Kuharakisha Maandalizi ya Mchakato wa Uanzishwaji wa Chuo cha Sayansi za Dawa cha Voi na Viunga Vyake, mjumbe wa kudumu wa kamati tatu za muda, na mshauri wa hiari wa yeyote anayenipigia simu na hata asiyenipigia. Sikualikwa katika ibada hii. Nalisema hilo bila kinyongo, kwa sababu kiongozi hangoji kadi. Nilikuwa mezani asubuhi hii nakunywa chai, nikasikia kwamba watu wa Miasenyi mmekusanyika kumuombea na kumuaga binti Mwelu, mtoto wa Mama Mumbe, au Mama Mwelu kama mnavyomwita, mwenye hoteli ya chai hapo kando ya barabara, aende Mombasa kusomea famasia. Nilikiacha kikombe nusu, nikamwambia dereva tuondoke Voi mara moja, na tumekuja kwa mwendo ambao sitautaja mbele ya Chifu, kwa maana, ndugu wananchi, binti huyu anakaribia kufanya kosa la kihistoria. Anataka kwenda kwenye chuo ambacho tayari kipo. (Watu wanatazamana.)

Ndiyo, tayari kipo. Kina walimu, kina mlango, kina wanafunzi waliomtangulia, na huko hatakuwa wa kwanza wa chochote. Naomba niwarudishe nyuma kidogo ili tusomane vizuri.

Wiki chache zilizopita, binti Mwelu na mama yake walifika ofisini kwangu Voi. Bi Lois aliwaambia niko mkutanoni, na kweli nilikuwa mkutanoni, nilikuwa nakutana na mawazo yangu. Wakaketi kwenye benchi mpaka mawazo yakaisha. Walipoingia, binti akaniamkia vizuri, akasema, "Mheshimiwa, nimepata nafasi vyuo vitatu vya diploma ya famasia. Tumekuja kuomba ushauri kabla mama hajalipa, kwa sababu akishalipa hawarudishi."

Nilitarajia aniulize ni kipi kina majengo marefu zaidi, swali ambalo nimeliandaa kwa miaka mingi. Hakuuliza. Alianza kunieleza yeye. Akasema chuo cha kwanza kiko Nairobi, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Karo yake ni nusu ya vingine, tena wanakubali ulipe kidogo kidogo. "Lakini nilienda saiba ya intaneti pale Voi," akasema, "nikaangalia tovuti ya bodi inayosimamia wafamasia. Hicho chuo hakijaidhinishwa. Nikawapigia simu, wakaniambia wako kwenye process. Nikimaliza hapo bodi hainiruhusu kufanya mtihani wao, na bila huo mtihani sipati leseni. Nitakuwa nimesoma miaka mitatu halafu niuze dawa za kichwa dukani kama mtu mwingine yeyote."

Chuo cha pili, akasema, ni cha kibinafsi. Kimeidhinishwa na maabara yake ni nzuri, lakini karo ni ya mihula mitatu kwa mwaka, na juu ya karo kuna hosteli, kuna koti, kuna vitabu, kuna pesa ya kwenda mazoezini hospitalini ambayo huisikii mpaka umeshafika. Alikuwa amempigia msichana mmoja anayesoma huko, akaambiwa hizo za pembeni zikijumlishwa zinakaribia karo yenyewe. Chuo cha tatu ni cha serikali, Mombasa. Karo yake si ndogo ila inajulikana tangu siku ya kwanza, bodi inakitambua, mwanafunzi anaweza kuomba mkopo, na dada ya mama yake, Wanza, anakaa Changamwe, kwa hivyo atalala kwa mamake mdogo na hatalipa hosteli.

Mama yake akasema, "Mheshimiwa, mimi nimeuza friji ya soda. Sina friji nyingine."

Sasa, mwananchi wa kawaida angesikia maneno hayo akasema huyu mtoto ameshachagua, ampe mkono, amtakie safari njema. Mimi si mwananchi wa kawaida. Mimi niliona pengo la kisera. Nilijiuliza, inakuwaje kijana wa Taita Taveta apime vyuo vitatu bila kupimiwa cha nne, ambacho ni chetu, na ambacho kwa takwimu za jopokazi langu kimefikia asilimia sabini na moja ya azma ya kuanza? (Makofi kutoka kwa dereva wa Mheshimiwa.) Nikamwambia, binti, futa hivyo vitatu. Karo kwetu ni bure. Hosteli bure. Koti bure.

Nikaona mama ameshtuka, ameshika ukingo wa meza. Mtoto hakushtuka. Akaniuliza, "Kimeidhinishwa na bodi?"

Nikamwambia kiko katika hatua ya juu kabisa ya kabla ya kuombewa idhini.

"Walimu ni kina nani?"

Nikamwambia mwalimu ni rasilimali, na rasilimali huhamasishwa, haitajwi majina.

"Na maabara iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoonyesha uongozi. Badala ya kujibu kwa mdomo, niliwachukua yeye na mama yake kwa gari langu, kwa mafuta ya jopokazi, nikawapeleka mpaka mahali penyewe, chini ya mlima Sagalla, pale barabara ya vumbi inapoishia. Tukashuka. Nikawaonyesha kwa kidole. Nikawaambia maabara inaanzia kichaka kile cha miiba mpaka pale ndovu walipopita. Ukumbi wa mihadhara ni huu upepo mnaousikia. Maktaba itakuwa upande wa kivuli, kivuli kikishapandwa. Mama Mwelu akatembea, akarudi, akasema, "Mheshimiwa, sioni hata shimo la msingi." Nikamwambia mama, hiyo ndiyo faida, hakuna kitu cha kubomoa.

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anadhani wanamshangilia, anangoja kiishe.)

Asanteni. Nisije nikaeleweka kwamba hatujafanya kazi. Jopokazi hili limeketi vikao thelathini na vinane, vinane kati yake vikiwa na ajenda. Tumefanya feasibility study, yaani upembuzi wa kama chuo kinawezekana, tukafanya feasibility ya hiyo feasibility. Tumekwenda benchmarking katika nchi mbili za ng'ambo, ambako tulijifunza mengi, likiwemo kwamba chuo cha famasia ni lazima kiwe na maji, jambo ambalo tumeliandika katika ripoti na kulipigia mstari. Tumekutana na stakeholders, tumewapa chai, tumewasikiliza mpaka chai ikaisha. Tuna nembo, tuna wimbo wa chuo wenye beti tatu, tuna rangi ya sketi. Kwa hivyo mtu asiseme hakuna kitu.

Na sasa nitoboe jambo ambalo sikupanga kulitoboa. Alhamisi hii wafadhili wanakuja Voi. Ni wageni wakubwa. Wameomba jambo moja tu, waonyeshwe wanafunzi. Hawakuomba jengo, watu hawa ni waungwana. Nimetafuta wanafunzi kote, na nimekosa msichana mwenye alama kama za Mwelu, mwenye C ya juu katika Baiolojia na Kemia, anayeweza kusimama mbele ya mgeni akajieleza. Siku ile kule Sagalla nilimwambia angoje. Akanijibu, "Tutafikiria." Leo nafika hapa naona begi limefungwa. (Begi liko karibu na mlango wa kanisa. Ni la bluu, na limezungushwa kamba kwa sababu zipu haifungi.)

Kwa hivyo, mbele ya kanisa, mbele ya Chifu na mbele ya malori haya, natangaza kwamba mimi, Solomon Nzuki, nampa binti Mwelu udhamini kamili, wa miaka mitatu, wa kila kitu, katika Chuo cha Sayansi za Dawa cha Voi na Viunga Vyake, ili asiende popote, abaki hapa na mama yake, na Alhamisi avae sketi ya chuo. (Makofi. Safari hii ni makofi ya kweli. Mwanamume mmoja wa nyuma anasema, "Mama Mwelu, bure ni bure. Hebu fikiria hapo." Wengine wanaitikia. Mwelu ameinamisha kichwa, anatazama kandambili za mama yake.)

Naona Mama Mwelu anasimama. Mpeni kipaza sauti. Mama, wewe shukuru tu kwa kifupi, muda si rafiki yetu.

(Mama Mwelu anasema: "Asante, Mheshimiwa. Mimi hilo neno bure nalipenda kuliko mtu yeyote hapa. Ile friji ilipoondoka, wateja wa soda waliondoka nayo, na muhula wa pili sijui nitautoa wapi. Kama mtoto wangu anaweza kusoma hapo Voi, jioni arudi nyumbani, mimi hilo begi nitalifungua mwenyewe sasa hivi. Sikufichi, nilikuwa nimesimama kule Sagalla naangalia kile kichaka nikijaribu kuona maabara. Nilitaka sana kuiona. Sasa niambie kitu kimoja tu. Masomo yanaanza lini?")

Mama, nakushukuru kwa swali hilo, ambalo ni swali zuri, la kina, na la kiufundi. Lini ni dhana pana. Kuna lini ya kisera, kuna lini ya bajeti, na kuna lini ya kalenda, na haya matatu yakishaoanishwa katika roadmap yetu ndipo tarehe hujitokeza yenyewe bila kulazimishwa. ("Mwezi gani?" anauliza Mama Mwelu.) Mwezi, mama, utakuwa mmoja kati ya hii inayokuja.

Lakini kwa nini tubishane na ushahidi uko hapa hapa? Namuona Derrick. Derrick Muinde, simama, kijana wangu, usijifiche nyuma ya nguzo. Wananchi, mnamjua Derrick kama fundi wa kuziba magurudumu hapo kwenye petroli steshoni. Mimi namjua kama mwanafunzi wa kwanza kabisa kusajiliwa katika chuo chetu. Ndiye yule mnayemwona kwenye bango kubwa mkiingia Voi, amevaa koti jeupe, anatabasamu, ameshika chupa. Uso ule umetazamwa na magari zaidi ya milioni mbili, kwa makadirio ya jopokazi. Njoo, Derrick, mwambie dada yako faida za kusoma kwetu.

(Derrick anakuja polepole. Mikono yake ina grisi, hataki kushika kipaza sauti, kwa hivyo Mchungaji anamshikia.)

(Derrick anasema: "Mimi sikutaka kuongea. Nilikuja kumuaga Mwelu, tulisoma shule moja, mimi nikiwa mbele yake. Miaka miwili iliyopita na mimi nilikuwa na nafasi ya famasia, chuo cha huko Kisumu. Baba alikuwa ametafuta karo ya muhula wa kwanza, iko tayari. Mheshimiwa akatukuta nyumbani, akasema nisiende mbali, chuo cha Voi kinafunguliwa Januari, tena bure. Tukafurahi. Wakanipiga picha. Lile koti lilikuwa la mwenye buchari ya nyama." Watu wanacheka. "Hata mimi nilicheka siku hiyo. Kwenye mkono wa koti kulikuwa na damu, wakaniambia niukunje. Januari ikafika, nikapiga simu, nikaambiwa ni Mei. Mei nikaambiwa Septemba. Kule Kisumu nafasi yangu wakampa mtu mwingine, na ile karo ikaliwa na mahitaji ya nyumbani, maana pesa ikikaa na shida ziko, haikai. Baba hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Tukienda Voi, tukikaribia lile bango, yeye anaangalia upande ule mwingine wa barabara." Hakuna anayecheka tena. "Mwelu, hiyo bure mimi nimeilipia miaka miwili. Usiniulize zaidi.")

Aa. Naam. Tunamshukuru sana Derrick kwa feedback hiyo, ambayo jopokazi litaipokea, litaisajili na kuiwasilisha kwa kamati ndogo ya malalamiko punde itakapoundwa. Kuhusu koti, nataka rekodi ieleweke: lilifuliwa. Na kuhusu kungoja, vijana wa siku hizi hawana subira. Chuo si chapati, kwamba unageuza upande huu na upande huu na kimeiva. Derrick bado ni mwanafunzi wetu halali. Hajafukuzwa, hajafeli mtihani wowote, wala hajakosa darasa hata moja, na ni vyuo vichache duniani vinavyoweza kusema hivyo juu ya mwanafunzi wao. (Hakuna makofi. Dereva anataka kupiga, anaangalia watu, anaacha.)

Naona binti mwenyewe anakuja mbele. Vizuri. Hebu mpisheni. Mwelu, mwanangu, yote haya yamesemwa na watu wazima, lakini uamuzi ni wako. Simama hapa karibu nami ili Bi Lois atupige picha. (Sikupiga picha. Mikono yangu ilikuwa inaandika.)

(Mwelu anasema: "Mheshimiwa, mimi nilitaka kukubali. Uliposema udhamini nilimwangalia mama, nikaona vile amechoka, nikasema basi, nitabaki. Hata tuliporudi kutoka Sagalla siku ile nilimwambia mama labda tungoje. Lakini mimi nataka kazi ya dawa. Mtu akija na mtoto mgonjwa, anipe karatasi ya daktari, nijue dawa ni hii na kipimo ni hiki, na nijue nikikosea mtoto anaweza kufa. Hiyo siwezi kusomea kwenye kichaka. Vile vyuo vingine vyote, hata kile cha juu ya magodoro, vilitaka pesa yangu. Wewe hutaki pesa. Wewe unanitaka Alhamisi peke yake. Na Alhamisi ikipita sijui utaniita nani. Naomba unisamehe. Mimi naenda Mombasa.")

(Mama Mwelu amejifunika uso kwa leso. Sijui kama analia kwa kufarijika au kwa ile karo ya muhula wa pili. Nafikiri ni yote mawili. Yule mwanamume wa nyuma aliyesema bure ni bure anavua kofia, anasema, "Basi hiyo tutaangalia sisi watu wa hapa, Mama Mwelu. Muhula wa pili haujafika bado." Wanawake wawili wanaitikia, "Tutaangalia.")

Wananchi, tulieni, tusiingize hisia katika masuala ya kitaaluma. Binti ametoa maoni yake na maoni ni haki ya kikatiba, lakini kabla hatujafikia mwafaka naomba nipitie kwa haraka mihimili saba ya mpango mkakati wetu, kisha nieleze kwa kina na mapana mhimili wa kwanza, unaohusu uundaji wa mihimili mingine. (Honi ya basi inasikika barabarani. Mtoto anapita mbio akisema, "Ni lake, ni la Mombasa.") Huo ni usafiri tu, mabasi yako mengi. Mhimili wa kwanza, wananchi. Mhimili wa kwanza una vipengele vinane. Mama, mbona unasimama? Mchungaji, maombi ya kufunga si yalipangwa baada ya hotuba ya mgeni rasmi?

(Mchungaji anasema kwa upole, "Mheshimiwa, mgeni rasmi alikuwa Mwelu." Anaomba maneno machache, watu wanaitikia amina, na wote wanainuka. Derrick anafuta mikono kwenye suruali, anabeba begi begani. Mama Mwelu amemshika mwanawe mkono. Kina mama wa maji wanaanza wimbo na kundi zima linaelekea barabarani, Chifu akiwa nyuma yao. Wamebaki viti, Mheshimiwa, dereva, na mimi.)

Naam. Naona hadhira imepungua kimwili, lakini kiroho tuko pamoja, na kwa kuwa kipaza sauti hiki na spika hizi zilizoelekezwa barabarani nimezilipia nilipofika, hadi jioni, hotuba haitakatizwa. Bi Lois, andika kwamba walitoka kwa furaha. (Nimeandika walivyotoka.)

Sasa ni wakati wa kaulimbiu. Nikisema Chuo, mseme Kipo. Chuo. (Kimya.) Nikisema Chuo, mseme Kipo. Chuo. (Dereva: "Wapi?") Wewe nyamaza. Nikisema Dawa Yetu, mseme Kwa Mikono Yetu. Dawa yetu. (Kule barabarani wimbo umepanda, wanamkumbatia Mwelu mmoja mmoja, na kondakta wa basi anawaambia wafanye haraka.) Nitachukua huo wimbo kama jibu. Taita Taveta inayojitibu inawezekana. Leo ni ndoto, kesho ni ripoti.

Na nisiondoke bila kutoa shukrani, kwa sababu mradi mkubwa hauna mtu mmoja. Namshukuru kwanza yule mzee wa Sagalla mwenye lile shamba, ambaye mpaka leo hajakubali kuuza, lakini aliturudishia mabango mawili tuliyosimika bila kumwambia, na hakuyavunja. Naishukuru timu ya fedha, ambayo bajeti ya kwanza iliyoandikwa "famasia" waliisoma vibaya kuwa "farmers", yaani wakulima, wakanunulia mbegu za mahindi, na nasikia mahindi yenyewe yalistawi sana. Nawashukuru wahandisi ambao hatujawateua, kwa kutotudai hadi sasa. Nawashukuru wanajopokazi wenzangu, ambao muda wao uliisha mwaka juzi na bado wanakuja kwenye vikao kwa uzalendo na kwa marupurupu. Naishukuru bodi ya wafamasia, ambayo haijatunyima idhini, kwani hatujawahi kuwaandikia.

Na mwisho kabisa, kwa moyo wa dhati, naishukuru familia yangu. Namshukuru mke wangu, na zaidi ya wote binti yangu Shantel, ambaye anaingia mwaka wake wa mwisho wa famasia huko huko Mombasa, katika chuo hicho hicho anachokwenda huyu binti, na natumai Mwelu akifika atamsalimia. Karo yake nailipa mapema kila muhula, sichelewi hata siku moja, maana mzazi mwenye akili timamu hawezi kumngojesha mtoto wake chuo ambacho hakipo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mheshimiwa anageuka, ananiambia nifute hiyo ya mwisho. Namuuliza ni ipi. Ameshaona anachoangalia dereva. Wimbo umekoma, na spika zimefikisha kila neno barabarani. Watu wote wamegeuka huko barabarani, wamesimama wanatutazama, Derrick mbele yao, mikono mitupu. Basi limeshaondoka na Mwelu.)